Mguu wa Mchezaji, Mguu wa Mchimbaji

UKURASA WA USALAMA NA AFYA



Siku Muungano na Dawa wanapokutana kwenye Stade de la Concorde, Kadutu nzima husimama. Watu huhesabu magoli, hubishana juu ya mwamuzi, na wengine hurudi nyumbani bila sauti. Lakini hakuna anayeangalia mguu wa mchezaji wakati anapovua kiatu. Mguu huo tunauona sisi wa dispansari, tena si siku ya mchezo. Tunauona Jumatatu au Jumanne, mwenyewe akiwa ameshindwa kuvaa buti la kazi, au kapita amemrudisha kutoka mlango wa mgodi kwa sababu anachechemea.

Safari hii basi tunaongea juu ya ngozi. Najua wengine watafunua ukurasa wa pili. Ngozi haina heshima ya malaria wala ya kifua kikuu. Mtu akiwashwa hujikuna, basi. Lakini kwa mtu anayeshinda saa nane ndani ya buti lenye maji, kisha jioni anavaa viatu vya mchezo na kukimbia juu ya udongo mwekundu akigongana na wenzake, ngozi ndiyo ukuta wa nyumba. Ukuta ukitoboka, mwizi haombi ufunguo. Na tangu mwaka 2023 jimbo letu la Kivu ya Kusini limepata sababu kubwa zaidi ya kuiangalia ngozi kwa macho mawili. Tutafika huko.

BEKI NA POMADI YA MKE WAKE

Nianze na beki mmoja wa timu ya kambi. Jina lake halihusu, na angekasirika nikilitaja. Alikuwa mtu wa zamu ya usiku. Wakati wa mvua, vidole vya mguu wa kushoto vilianza kumwasha, hasa katikati ya kile kidogo na jirani yake. Ngozi ikawa nyeupe na laini kama ya mtu aliyefua nguo siku nzima, ikapasuka, ikatoa harufu. Hakusema kitu. Baada ya majuma machache kiraka cha mviringo kikatokea kwenye kinena, kikiwa na ukingo ulioinuka na vumbi la magamba. Sasa ndiyo kabisa hakusema kitu, kwa sababu mahali penyewe ni pa aibu, na mchezo wa nusu fainali ulikuwa karibu.

Alipokuja kwetu, kiraka kilikuwa kimetoka kinena mpaka karibu na goti.

«Kilianzia wapi, mwanangu?»

«Kwenye vidole, Muganga.»

«Na huku juu ulipaka nini?»

Akatazama chini. «Ile pomadi ya mama watoto. Ya uso.»

«Ikakusaidia?»

«Siku tatu tu, Muganga, mwasho ulikwisha kabisa. Nikajua nimepona. Nikiacha kupaka unarudi, basi nikawa napaka kila siku.»

Majibu hayo tunayasikia mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Pomadi nyingi zinazouzwa sokoni kwa ajili ya kung'arisha uso zina dawa kali yenye jina la clobetasol au betamethasone. Kazi ya dawa hizo ni kutuliza hasira ya ngozi: zinazima wekundu, zinazima mwasho. Daktari anazitumia kwa magonjwa fulani, kwa siku chache, naye anajua sababu. Lakini choa si hasira ya ngozi tu. Choa ni kuvu, kiumbe hai kinachokula ngozi iliyokufa. Ile hasira, ule mwasho na wekundu, ndiyo askari wa mwili wanaopigana nacho. Ukiwalaza askari usingizi, unafikiri vita imekwisha, kumbe adui anatembea nchi nzima. Kiraka kinapoteza hata ukingo wake wa kawaida, hata muganga anaweza kukosea akikiona. Tena ngozi yenyewe inakuwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika.

Kwa hiyo chukueni tyubu zilizo nyumbani, msome herufi ndogo. Mkiona jina moja kati ya yale mawili, msiipake juu ya choa, hata kama kando yake kumeandikwa pia dawa ya kuvu. Zile tyubu zenye dawa tatu pamoja, ambazo muuzaji anasema zinaponya kila kitu, mimi siziamini hata kidogo. Kitu kinachoponya kila kitu hakijui kinaponya nini.

UGONJWA WENYE JINA LA WANAMICHEZO

Kuvu ya miguu, ambayo hapa Bukavu wengi huiita tu «shampinyo», madaktari wa Kifaransa wameipa jina la «mguu wa mwanamchezo». Jina hilo lina haki yake nusu. Kuvu haijali kama unacheza mpira au unasukuma kigari cha mawe. Inataka vitu vitatu: joto, unyevu na giza. Kiatu kilichofungwa kina vyote vitatu, na buti la mpira linavyo zaidi, kwa sababu halipumui. Mchimbaji anayecheza mpira anaipa kuvu chakula asubuhi na jioni.

Hali ya nchi yetu inaisaidia. Mvua zinaanza mwezi wa tisa na kuendelea mpaka wa tano. Soksi iliyoanikwa Nyawera asubuhi inaweza kubaki na maji mpaka kesho yake, na kule Kamituga, chini zaidi na kwenye joto, ni vigumu kuzidi. Mtu ana jozi mbili za soksi. Moja iko mguuni, ya pili bado mbichi. Anavaa ile mbichi. Kuna nini tena?

Dawa ya kuvu ya miguu ipo, wala si ya bei ya kutisha. Ile ya zamani ni pomadi ya Whitfield, iliyopata jina la daktari Mwingereza, Arthur Whitfield, na ambayo ni asidi mbili zilizochanganywa: ya benzoiki sehemu 6 kwa mia, na ya salisiliki sehemu 3 kwa mia. Baba zenu waliipaka, na iliwahi kuwamo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Inachoma kidogo, isipakwe kwenye kinena wala juu ya kidonda kibichi. Za baadaye ni kremu za clotrimazole au miconazole, ambazo zinapakwa mara mbili kwa siku, zinapita ukingo wa kiraka kwa upana wa kidole.

Kosa la wengi ni kuacha mapema. Mwasho unakwisha ndani ya siku chache, mtu anaweka tyubu juu ya kabati, na kuvu iliyobaki inaota tena kama magugu yaliyokatwa bila kung'olewa. Kremu hizo zataka majuma mawili mpaka manne, na baada ya ngozi kuonekana safi uendelee kupaka juma moja au mawili. Mtoto mwenye choa cha kichwani, ambaye nywele zinakatika na kuacha viraka, haponi kwa kupakwa. Lazima ale vidonge kwa majuma mengi, na vidonge hivyo vinatolewa na muganga. Kucha iliyokuwa nene na ya manjano ni hivyo hivyo.

Na tafadhali, msipake petroli. Msipake maji ya betri. Choa kinachokufa kwa asidi ya betri kinakufa pamoja na ngozi yenu, na kidonda cha kuungua kinakaa muda mrefu kuliko choa chenyewe.

Kukausha ndiyo nusu ya dawa. Ukitoka shimoni, mimina maji ya buti, liweke mdomo chini usiku, na ulijaze karatasi zinyonye unyevu. Hata karatasi za gazeti hili, mkiisha kulisoma. Mwenye jozi mbili abadilishane: leo hii, kesho ile. Osha miguu kwa sabuni, kisha kausha katikati ya vidole, kila kidole peke yake. Huko ndiko watu wanakosahau. Soksi zichemshwe au zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani, na siku isiyo na jua zikaushwe kando ya mbabula. Nyumbani tembeeni na sapato, vidole vipate hewa. Na ukivaa, vaa soksi kabla ya chupi kama una kuvu mguuni. Mtacheka, lakini ndivyo kiraka cha beki wetu kilivyopanda kutoka vidole mpaka kinena: chupi ilipita mguuni kila asubuhi na kubeba kuvu juu.

TAULO MOJA, WATU WATATU

Beki hakuwa peke yake. Tulipoita timu nzima, wenzake wawili walikuwa na viraka vile vile, na mtoto wake mdogo alikuwa na kimoja kichwani. Sababu ilikuwa ndani ya mfuko wa jezi. Timu ilikuwa na kaptula kumi na tano kwa watu ishirini na wawili. Anayetoka uwanjani anamvulia anayeingia, zikiwa bado na jasho la moto. Taulo mbili zilitosha wote.

Msifikiri huu ni umaskini wetu tu. Mwaka 2003, huko Marekani, timu ya mpira wa Kimarekani ya St. Louis Rams, yenye wachezaji wanaolipwa fedha ambazo hatuwezi kuzihesabu, ilipatwa na majipu makali ya bakteria isiyosikia dawa za kawaida. Wataalamu wakaja kuchunguza. Wachezaji 5 kati ya 58 waliambukizwa, wengine zaidi ya mara moja, na kila jipu lilianzia mahali palipochubuka wakati wa kuanguka kwenye nyasi za bandia. Wakagundua nini tena? Taulo moja ilikuwa inatumiwa na watu mpaka watatu. Matajiri wenye bafu za maji ya moto walikuwa wanafanya kama sisi na beseni letu.

Mchubuko ndio mlango. Uwanja wetu wa udongo na changarawe unafungua milango mingi kwa dakika tisini: goti, kiwiko, paja. Wachezaji wanaupuuza kwa sababu haumtoi mtu nje. Osheni mchubuko siku ile ile kwa maji safi na sabuni, mtoe mchanga wote hata kama unauma, mfunike kwa kitambaa safi. Msiache utengeneze usaha ndani ya suruali ya kazi. Mkiona vidonda vinavyotoa maji na kufanya gaga la rangi ya asali, hasa puani na mdomoni mwa watoto, huo ni ugonjwa wa bakteria unaoambukiza upesi. Gaga lilowanishwe na kuoshwa kwa sabuni, na mgonjwa apelekwe kupata dawa ya bakteria. Tunasisitiza kwa sababu baadaye ugonjwa huu unaweza kushambulia figo: mtoto anaamka amevimba uso, na mkojo wake una rangi ya chai. Mama, ukiona hayo, usingoje kesho.

Jipu lisiminywe. Linawekewa kitambaa cha maji ya moto mara kadhaa kwa siku. Likiwa kubwa, au likiwa usoni, au likileta homa, lipasuliwe na muganga.

Malengelenge ya kiatu kipya ni jambo dogo. Ngozi ya juu iachwe, ndiyo bandeji bora. Likiwa kubwa linalozuia kutembea, litobolewe ukingoni kwa sindano iliyochemshwa, maji yatoke, lifungwe. Funza nao, kwa wale wanaofanya mazoezi bila viatu, watolewe kwa sindano safi ya mtu mmoja, si sindano inayozunguka baraza nzima, na tundu lipakwe dawa. Pepopunda huingia kwenye tundu dogo namna hiyo. Je, mara yako ya mwisho kuchanjwa pepopunda ilikuwa lini? Kama hukumbuki, njoo.

UPELE WA USIKU

Upele ni kitu kingine, na kambi inaujua. Ni mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho ya kawaida, anayechimba njia ndani ya ngozi. Naye ni mchimbaji, ila hana kibali. Mwasho wake unazidi usiku, kitandani, na vipele vinakaa katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, matakoni, na kwa mwanamume kwenye sehemu zake za siri. Watu wawili wa nyumba moja wakijikuna usiku, fikiri upele kwanza.

Hapa kuna jambo moja ambalo nyumba nyingi zinashindwa. Zinampaka mmoja. Mwenye kujikuna sana anapakwa benzoate, wengine wanasema wao hawana kitu. Baada ya mwezi upele umerudi, na dawa inalaumiwa. Mdudu anaweza kukaa mwilini majuma manne mpaka sita kabla mtu hajaanza kuwashwa. Kwa hiyo wote wanaolala chini ya paa moja wapakwe usiku ule ule, kuanzia shingoni mpaka nyayo, hata baba asiyejikuna, hata mgeni. Kwa watoto wadogo na mama mwenye mimba, muganga ndiye atakayepima namna ya kutumia dawa. Asubuhi nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko siku tatu nzima, mdudu anakufa asipopata mtu. Mwasho unaweza kuendelea majuma mawili au zaidi hata wadudu wakiwa wamekufa. Hiyo si sababu ya kupaka kila siku na kuunguza ngozi.

KAMITUGA, MWAKA 2023

Sasa tufike kwenye lile jambo kubwa.

Mwaka 1970, kwenye hospitali ya Basankusu, jimbo la Équateur, mtoto wa miezi tisa alipatikana na ugonjwa uliofanana na ndui. Alikuwa mtu wa kwanza ulimwenguni kujulikana kuwa na ndui ya nyani. Tangu Novemba 2022 OMS imeuita mpox. Kwa miaka mingi ulikuwa ugonjwa wa vijiji vya msituni, ukimpata aliyegusa mnyama na jamaa zake wa karibu, kisha ukizimika.

Mwezi wa Septemba 2023 ulianza kuonekana Kamituga, mji wa dhahabu katika Mwenga, na safari hii haukuzimika. Wagonjwa wa kwanza walikuwa hasa watu wazima, wachimbaji na wanawake wa kwenye mabaa, na uliwapitia kwa kugusana miili, hasa katika tendo la ndoa. Wataalamu walipochunguza virusi vya Kamituga walikuta tawi jipya, wakaliita Ib. Watu wa machimbo husafiri: ukafika Bukavu, ukafika Goma, ukavuka mipaka mpaka Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Kule Kavumu, upande wa uwanja wa ndege, hospitali ilijaa watoto. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza hatari ya ulimwengu. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, na kazi ya kuchanja ilianzia Goma tarehe 5 Oktoba. Tangazo la hatari liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Kuondolewa kwa tangazo si kuondoka kwa ugonjwa, na sisi tuliokaa karibu na mahali lilipoanzia tawi hilo tunapaswa kulielewa neno hili kuliko wote.

Nimeyasema haya yote kwa sababu moja. Mpox inaingia kwa milango ile ile: ngozi juu ya ngozi, taulo, shuka, nguo iliyotoka mwilini mwa mgonjwa, na mate ya mtu anayeongea karibu sana. Na aibu ile ile iliyomfanya beki wetu afiche choa chake kwenye kinena inaweza kumfanya mwingine afiche kipele cha mpox mahali pale pale. Choa kilimharibia miezi miwili. Mpox ingefika kwa mtoto.

Namna ya kuitambua. Siku chache mpaka majuma matatu baada ya kuambukizwa, homa inakuja, kichwa, mgongo, uchovu. Mitoki inavimba: chini ya taya, shingoni, kwenye kinena. Hii mitoki ni alama nzuri ya kuitofautisha na tetekuwanga, ambayo haivimbishi tezi namna hiyo. Kisha vipele: vinaanza bapa, vinainuka, vinajaa maji, maji yanakuwa usaha, vinakauka na kufanya gaga, gaga linaanguka. Yote hayo huchukua majuma mawili mpaka manne. Vinaweza kutoka usoni, kwenye viganja na nyayo, mdomoni, na kwenye sehemu za siri. Kwa tetekuwanga utakuta vipele vipya na vya zamani pamoja, vinawasha sana, vingi kifuani na mgongoni, na mara chache kwenye viganja. Lakini sikilizeni: wengine walioambukizwa Kamituga walikuwa na vipele vichache tu, tena sehemu za siri peke yake. Kwa hiyo msikae nyumbani mkibishana kama ni hiki au kile. Kutofautisha ni kazi ya muganga na maabara.

Mwenye dalili hizo asicheze, asishuke shimoni, asilale kitanda kimoja na mtu. Aite reko wa mtaa au aje kituo cha afya akiwa amefunika vipele kwa nguo. Mengi yanatibiwa kwa uangalizi: dawa ya homa na maumivu, vipele viwe vikavu na safi, visikunwe, mgonjwa anywe na ale vizuri. Mama mwenye mimba, mtoto mdogo, na mtu ambaye mwili wake umedhoofishwa na ugonjwa mwingine, hao ndio wenye hatari kubwa, wapelekwe hospitali. Anayemhudumia mgonjwa aoshe mikono kila mara, na afue nguo zake peke yake kwa maji ya moto na sabuni au javel. Mgonjwa anarudi kwa watu siku gaga la mwisho limeanguka na ngozi mpya imefunga chini yake. Si siku homa imekwisha.

KWA MWALIMU WA TIMU NA KWA KAPITA

Watu hawafichi ngozi zao kwa ujinga. Wanaficha kwa hesabu. Mchezaji anafikiri: nikionyesha, mwingine atachukua nafasi yangu. Mfanyakazi anafikiri: nikirudishwa, siku itakatwa. Ukitaka waonyeshe, lazima hesabu ibadilike. Mwalimu wa timu akimwambia mchezaji mbele ya wote kwamba nafasi yake inamngoja, na akaishika ahadi, mara ya pili hatakuwa na haja ya kuuliza nani anawashwa, watakuja wenyewe. Na kapita anayemcheka mtu kwa kunuka miguu anajitengenezea zamu nzima ya wenye kunuka miguu.

Mwenye kuvu ya vidole anaweza kucheza akiwa anatumia dawa, na soksi zake mwenyewe. Mwenye choa cha mwilini apake siku tatu kwanza, kisha acheze kimefunikwa. Mwenye vidonda vya gaga la asali angoje mpaka ametumia dawa siku tatu na hakuna kinachotoa maji. Mwenye upele, siku inayofuata baada ya kupakwa vizuri yeye na nyumba yake. Kwa mpox nimekwisha kusema.

Timu ya beki wetu ilifanya hesabu nyingine. Badala ya kununua mpira mpya kwa mchango wa mwezi ule, walinunua kaptula saba zilizokosekana, wakashona namba ndani ya kila moja, na kila mchezaji sasa anafua yake nyumbani. Taulo kila mtu anakuja na lake. Beki alipaka dawa majuma sita, mtoto alikula vidonge, mke wake alileta tyubu zote za uso tukazisoma pamoja mezani. Mbili tulizitupa, moja ilikuwa mafuta ya kawaida tu akarudi nayo. Nusu fainali waliipoteza, bao moja kwa sifuri, na bado wanasema ni kosa la mwamuzi.

Dispansari inaangalia miguu asubuhi kabla ya zamu ya kwanza na jioni baada ya zamu ya pili. Njooni na buti mnalolitumia, si lile jipya. Katika toleo lijalo tutaongea juu ya masikio na kelele za mashine ya kutoboa mwamba.